Si jinamizi lililonikaba, ni ulimi wangu mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, niwazungumzie madereva wanaosinzia kwa ugonjwa wasioujua. Najua hii ni ndefu kuliko unazozoea kupokea. Ikibidi kuipunguza, punguza habari za mashine. Habari za tajiri wangu, mwenye lori, ziache zilivyo.

Mimi ni dereva wa semi-trela. Nina umri wa miaka 54, naishi Kihonda, Morogoro, na nimekaa kwenye usukani miaka 27. Njia yangu kubwa ilikuwa Dar es Salaam hadi Rusumo, mizigo ya Rwanda, na mara mojamoja Tunduma. Kila ikitokea ajali mbaya nasoma kwamba chanzo ni dereva kusinzia, na mstari unaofuata huwa ni uzembe. Na mimi nilisinzia, Mhariri. Sikuwa nimelewa wala sikuwa nimekesha. Siku hiyo nilikuwa nimelala masaa saba mazima kabla ya kuwasha gari.

Tulilala Dumila. Niliondoka saa tisa na nusu usiku nikiwa na tani 28 za mabati, nikitaka niwahi mizani ya Nala kabla foleni haijawa ndefu. Tukapita Gairo. Ninachokumbuka baada ya hapo ni sauti ya utingo wangu, "Mzee! Mzee! Mzee!", mkono wake kwenye usukani, na kokoto zikipiga chini ya gari kama mvua juu ya bati. Tairi zote za kushoto zilikuwa nje ya lami. Gari liliposimama, mbele yetu, hatua kama sitini, walikuwepo akina mama wawili na mabeseni ya vitumbua wakisubiri mabasi. Mmoja beseni lilikuwa limeshamwanguka. Hakutukana. Alikuwa anaokota kitumbua kimoja kimoja kwenye mchanga, anakipuliza, anatutazama, anaokota kingine. Mimi nilikuwa bado nimeng'ang'ania usukani, miguu inatetemeka hata breki nikikanyaga siisikii.

Nilimlipa vitumbua vyote, na bado namkumbuka.

Tulipofika Kibaigwa kunywa chai, yule kijana, ambaye kwa kawaida ananiogopa, akasema, "Mzee, nisamehe. Wewe huwa hulali. Unakoroma mpaka kioo kinatikisika, halafu ghafla kimya. Mimi huwa nahesabu. Nikifika thelathini, siku nyingine arobaini, ndiyo unashtuka unavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa kisimani." Nikamuuliza mbona miaka miwili yote hajaniambia. Akasema, "Nilidhani unajua." Ndipo nikaelewa kwa nini siku zote huchukua mkeka wake akalala chini ya trela, hata msimu wa mbu. Mimi nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba kijana huyu anapenda hewa safi.

Nyumbani walikuwa wanajua zaidi. Kwa miaka kama kumi, mimi na mke wangu tulilala mzungu wa nne, kichwa changu huku, chake kule, mpaka akachoka akahamia chumba cha mabinti. Gesti za Singida na Nzega nimegongewa ukuta sana. Kukoroma kwetu ni kichekesho, na kwa wazee ni dalili ya mtu aliyeshiba akalala fofofo. Kilichomtisha mke wangu ni ile pumzi kukatika, na kwa hiyo tulikuwa na jina tayari: jinamizi. Nilikuwa naamka nimekodoa macho, kifua kimelowa jasho, mkono kooni. Mama mkwe akasema nakabwa. Nikasomewa, nikanywa kombe, chumba kikafukizwa ubani. Sina dharau na dua, naomba hadi leo. Ila katika sisi sote hakuna aliyewahi kuwaza kwamba anayenikaba namlisha mwenyewe kila siku, ni ulimi wangu.

Kuna mengine tuliyatafutia majina mengine. Kuamka usiku mara nne au tano kwenda kujisaidia tukaita kisukari, nikapimwa, hakuna. Kichwa kuuma kila asubuhi tukasema ni jua la barabarani, kana kwamba jua huwa linawaka saa kumi na mbili alfajiri. Shinikizo la damu lilikuwa halishuki kwa vidonge vya aina tatu, nikalaumiwa kwa chumvi. Usingizi wa mchana ndio niliouita uzee. Nilipambana nao kama tunavyopambana wote: kahawa chungu, vinywaji vya kuongeza nguvu, karanga, kioo wazi, kujimwagia maji usoni, kuimba.

Aliyefumbua fumbo ni daktari mmoja kijana, binti anayelingana na mtoto wangu wa pili, nilipokwenda kuchukua vidonge vya presha. Hakuanza na presha. Aliniuliza, "Baba, mama analala wapi?" Nikaona aibu, nikadhani anaulizia mambo ya ndani. Akaeleza kuwa anaulizia kukoroma. Akatoa futikamba kama ya fundi cherehani akanipima shingo: sentimita 45. Akasema ikizidi 40 yeye huwa anaanza kuuliza maswali. Akauliza: unakoroma kwa sauti? Unachoka mchana? Kuna mtu amewahi kuona pumzi yako inakatika? Una presha? Akahesabu na umri wangu uliozidi 50, uzito, na kwamba mimi ni mwanamume. Kisha akaleta karatasi nyingine yenye mambo manane, kila moja unajipa alama kuanzia 0 hadi 3: uwezekano wa kusinzia ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa abiria kwenye gari saa nzima, na kadhalika. La mwisho linasema hivi: ukiwa ndani ya gari lililosimama dakika chache kwenye foleni. Nikacheka, nikamwambia, "Daktari, hilo gari mimi ndiye dereva wake." Hakucheka. Ukizidi alama 10 kati ya 24 una tatizo. Mimi nilipata 19, na mbili tatu nilikuwa nimezipunguza kwa makusudi.

Nilipelekwa Dar es Salaam kupimwa. Siku hizi si lazima ulazwe. Nilikabidhiwa kifaa, mkanda wa kifuani, kibanio cha kidoleni na kampira kembamba ka puani, nikaenda kulala navyo kwa dada yangu Mbagala. Asubuhi nikavirudisha. Majibu: pumzi yangu ilikatika au kufifia mara 47 kwa kila saa. Chini ya 5 ni kawaida, kuanzia 30 ni kali. Mara iliyokatika muda mrefu kuliko zote ilikuwa sekunde 68, na oksijeni ilishuka hadi asilimia 69. Nikazidisha 47 kwa yale masaa saba ya Dumila. Ni zaidi ya mara 320. Kumbe usiku ule niliouita wa kupumzika nilikuwa nimeamshwa mara 320.

Daktari alinieleza hivi. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye shingo nene au taya lililorudi nyuma, na wapo wembamba wengi tu wenye mataya hayo, ulimi na nyama laini ya nyuma huporomoka na kuziba njia. Kukoroma ni hewa inayopenya kwa taabu kwenye upenyo. Kimya ndicho kibaya, maana hapo upenyo umefungwa. Kifua kinavuta na hewa haiingii, oksijeni inashuka, mpaka ubongo unapiga honi na kukuamsha sekunde chache, koo lifunguke. Wewe hukumbuki kitu. Asubuhi unasema umelala. Pombe na vidonge vya usingizi huzidisha ulegevu huo, na kulala chali pia. Wataalamu wanaita apnea ya usingizi, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema watu wazima karibu bilioni moja duniani wanayo. Wengi wao, nadhani, wako kama nilivyokuwa mimi, wanagongewa ukuta.

Dawa ya kumeza haikuwa jibu kwangu. Jibu lilikuwa mashine ya kupuliza hewa kooni ukiwa umelala, inayoitwa CPAP, na hapo ndipo nilipokutana na bei. Bima yangu ilisema haimo kwenye kitita. Mashine, barakoa na mpira wake vilifika milioni mbili na laki sita. Niliuza bodaboda niliyokuwa nimempa kijana kwa mkataba. Kuna waliotaka kuniuzia ya mtumba kwa nusu ya bei, na nilikaribia kununua. Daktari akanizuia: mwaka 2021 kampuni moja kubwa iliagiza yarudishwe mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inamomonyoka, na chembe zake zingeweza kuvutwa mapafuni. Mashine za namna hiyo zikitupwa huko, sote tunajua zinaishia kwenye masoko ya nani.

Yenyewe haina maajabu. Ni kiboksi cha ukubwa wa redio ya mezani, ndani kuna feni inayovuta hewa ya chumbani na kuipuliza kupitia mpira hadi kwenye barakoa. Ni hewa hii hii, si oksijeni kama majirani wanavyodhani. Upepo ule ndio unaolishikilia koo lisiporomoke. Sisi wa magari makubwa tunaelewa haraka: hakuna anayeondoa semi kabla mitungi ya breki haijajaa upepo. Tairi zangu najaza PSI 120. Nikamuuliza fundi wa vifaa tiba, je, mimi nitajazwa ngapi? Akasema hii hupimwa kwa sentimita za maji, kuanzia 4 hadi 20, na yangu ikatulia kwenye 11. Nikamwomba anigeuzie kwa PSI. Haifiki hata robo ya PSI moja. Robo, Mhariri! Upepo ambao hauwezi kujaza puto ndio niliokuwa naukosa siku ya vile vitumbua.

Yule fundi alipenda historia. Akaniambia zamani mgonjwa wa hali yangu alitobolewa tundu shingoni ili apumulie hapo. Mwaka 1980 daktari wa Sydney, Australia, aitwaye Colin Sullivan, akachukua mota ya mashine ya kufyonza vumbi, akaitumia kupuliza badala ya kuvuta, na barakoa ikagandishwa usoni kwa gundi. Mgonjwa akalala. Nilipokuwa nalalamikia mikanda yangu laini, nilikuwa namkumbuka yule wa gundi.

Na nililalamika kweli. Usiku wa kwanza nilidumu dakika ishirini. Ukivaa ile barakoa ukalala chali gizani, unahisi mtu amekufunika uso kwa mkono, na ukitaka kutoa pumzi inakutana na upepo unaoingia. Nilivua nikaketi kitandani moyo unadunda. Mjukuu wangu wa miaka minne aliingia asubuhi, akauona mpira umening'inia, akakimbia kutangaza kwamba babu ameota mkonga. Hadi leo ananiita Babu Tembo, na mtaa mzima umeshika.

Fundi aliniambia niivae mchana kwanza, nikiwa macho, nikiwa natazama taarifa ya habari, ili uso uzoee. Akanionyesha kitufe kinachoanza na upepo mdogo na kuuongeza polepole mpaka usingizi uwe umenichukua. Hilo lilisaidia. Lakini likazuka la mdomo. Barakoa yangu ya kwanza ilikuwa ya puani tu, na mimi hulala mdomo wazi, basi upepo ukawa unaingia puani na kutokea mdomoni, pssss, kama tairi iliyochomwa na msumari. Naamka ulimi mkavu kama kibao cha mbuzi. Usiku wa nne nikapata akili: nikachukua kipande cha kanga nikajifunga kidevu hadi utosini, mdomo usifunguke, nikalala chali, mikono kifuani. Mke wangu alikuwa ameanza kurudi chumbani kwa majaribio. Aliwasha taa akapiga kelele iliyoamsha nyumba. Nilipouliza kuna nini akasema, huku anatetemeka, "Baba watoto, hivyo hufungwa maiti." Na kweli, ndivyo tunavyowafunga. Mimi mwenyewe nimemfunga baba yangu hivyo. Nilikifungua kile kitambaa na hatukukizungumzia tena.

Kesho yake nikarudi kubadilishiwa barakoa, nikapewa inayofunika pua na mdomo. Hiyo nayo ikawa inavujisha kwenye ndevu. Ndevu zangu nimezifuga tangu nirudi Hija, nikazitazama kwenye kioo, nikazipunguza. Sikuzinyoa. Zilibaki za kutosha, upepo ukakaa.

Kuna mambo madogo ambayo hakuna aliyeniambia. Maji, kwa mfano. Mashine ina kitangi cha kuipa hewa unyevu, na hutakiwa maji yaliyotoneshwa. Utingo wangu, kwa upendo, akaniletea dumu la maji ya betri kutoka sheli. Jamani, wenye mashine, msifanye hivyo! Madumu yale yale hubeba asidi, na kila dereva ameshaona suruali iliyotobolewa na kosa hilo. Hayo ni ya kwenye betri, si ya mapafuni. Mimi nanunua kwenye duka la dawa, na barakoa naiosha kila asubuhi kwa sabuni isiyo kali. Mende nao wanaupenda ule mpira kwa joto lake, nautundika juu.

Umeme ukikatika usiku unaamka unajua, maana upepo unakwisha na wewe umefunikwa uso. Nilijaribu betri ya gari na inveta nyumbani, ukizima joto la kitangi unafika asubuhi. Kwenye lori ndiko ilikuwa rahisi zaidi, na jambo hili lilinishangaza. Mashine yangu inaendeshwa kwa volti 24 na semi nayo ina volti 24. Sikuunganisha waya kienyeji, nilinunua kifaa chake maalumu cha kuunganishia kwenye gari. Kwa hiyo usingizi bora niliowahi kuupata maishani nimeupata nyuma ya siti, kwenye maegesho ya Nyakanazi, nimezungukwa na malori yanayounguruma.

Usiku wa tisa ndio uliobadilisha mambo. Niliota. Ndoto yenyewe haikuwa na maana, nilikuwa nagombana na mtu juu ya kuku, lakini nilikuwa sijaota kwa miaka. Nikaamshwa na adhana, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini sikuwa nimeamka kwenda kujisaidia hata mara moja. Nikatulia kitandani nikiisubiri ile nyundo ya kichwa. Haikuja. Nikaitazama mashine: pumzi zilizokatika, mara 3.2 kwa saa. Kutoka 47. Mke wangu alikuwa amelala upande wangu, kichwa chake na changu kwenye mto mmoja. Baada ya miezi miwili daktari alikitoa kidonge kimoja cha presha. Hakusema nimepona. Nikiiacha mashine usiku mmoja tu, ulimi unarudi kazini.

Sasa nije kwa tajiri.

Baada ya Gairo sikugusa usukani wiki nane. Nilimwambia tajiri kuwa naumwa presha, jambo ambalo halikuwa uongo. Daktari aliniruhusu kurudi baada ya kuisoma kadi ya mashine, maana mashine huandika kila kitu: umelala saa ngapi, umevaa muda gani, upepo umevuja kiasi gani, pumzi imekatika mara ngapi. Mabasi yetu yamefungwa VTS, mfumo wa kufuatilia magari, inayomwonyesha kila dereva anayezidisha mwendo. Hii kadi ni VTS ya usingizi, haidanganyi. Nilikwenda Rusumo safari tatu nikiwa na mashine kabatini. Sikusinzia hata kidogo. Utingo akaacha mkeka, akaanza kulala kwenye siti ya mbele.

Niliporudi ya tatu, tajiri akapanda kwenye kabini pale yadi akauona mpira. Angeona kreti ya bia asingeuliza. Akauliza hiki nini, na mimi nikasema ukweli wote, hadi habari ya vitumbua, nikamwonyesha na karatasi ya daktari. Alinisikiliza vizuri, akanipa pole. Akasema, "Basi pumzika kwanza, mzee wangu." Baada ya wiki mbili gari langu lilikuwa na dereva mwingine. Hakuna barua, hakuna kufukuzwa, ni kupumzika tu. Kwa sasa naendesha tipa la mchanga hapa Morogoro, mchana, kwa malipo ambayo sitayataja.

Nimlaumu? Kwa upande wake yuko sahihi: nani anampa mgonjwa wa usingizi gari la mamia ya mamilioni? Ila mgonjwa huyo alikuwa njiani miaka yote ile alipokuwa hajapimwa, na alilipwa posho zake bila maswali. Siku alipotibiwa ndiyo siku alipoonekana hatari. Dereva gani sasa atajitaja? Uingereza dereva wa lori akigundulika na ugonjwa huu pamoja na usingizi wa mchana husimama kuendesha na kutoa taarifa kwa wanaotoa leseni, anatibiwa, inathibitishwa kuwa umedhibitiwa, anarudi barabarani na kuendelea kukaguliwa. Anarudi. Neno hilo ndilo ninaloomba na hapa kwetu. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na mimi sipingi, usiku barabara ni nzuri. Lakini abiria wanapolala siti za nyuma, mtu anayewaendesha ameulizwa analalaje?

Tunapimwa macho, na ni sawa. Futikamba ya shingo ni bei ya soda. Yale maswali manane hayahitaji maabara. Najua madereva watadanganya, kama nilivyozipunguza alama zangu, ndiyo maana naona futikamba itangulie, shingo haijui kudanganya. Na ikiwezekana waulizwe matingo, kwa siri. Wao ndio maabara yetu. Atakayekutwa na apnea asipoteze gari wakati anatibiwa, na kadi ya mashine ndiyo iwe ruhusa yake ya kurudi. Wenye mabima nao wapige hesabu ya milioni mbili na laki sita dhidi ya gari moja lililoviringika kwenye mteremko wa Sekenke.

Mhariri, naomba jina langu usilichape. Kwa kukoroma sioni haya tena, Kihonda yote inaniita Babu Tembo. Ni kwamba ukichapa jina, tajiri atajua ni gari lipi linazungumzwa, na atamtazama anayeliendesha sasa. Huyo namfahamu, tumelala gesti moja Nzega mara nyingi, na ukuta wa kwanza kugongewa ulikuwa wake, wa pili ndiyo wangu. Alinipigia simu Jumapili usiku, anaongea kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa nje ya gari ili utingo asisikie. Aliuliza ile mashine ni shilingi ngapi, na kama kuna namna ya kuuficha mpira usionekane.

Dereva,
Kihonda, Morogoro